Mikaeli au Deusi: Ubishi Uliovunja Ukuta wa Ma Veronika

Jana niliwasikia mkibishana mbele ya redio, wajukuu zangu, mpaka uji ukapoa. Mmoja anasema mwanamume bora kuliko wote waliopata kushika raketi ya tenisi ni huyu wa siku hizi. Mwingine anasema hapana, ni yule wa zamani, ambaye yeye mwenyewe hajapata kumwona hata kwenye picha. Kisha mkanigeukia: "Babu, wewe ulifanya kazi kwenye tenisi. Amua." Nikawaambia nina usingizi. Sikuwa na usingizi wowote. Nilikuwa najizuia kucheka, maana ubishi wa namna hiyo niliushuhudia ukivunja ukuta wa jiko la mtu. Wala sisemi kwa mafumbo. Ulikuwa ukuta wa udongo, na ndani chungu kilikuwa motoni.

Basi kaeni.

Kazi yangu ilikuwa kutunza viwanja vya tenisi, enzi za Mwingereza, pale Bukoba mjini. Kwenye klabu ya wazungu waliniita boi wa kiwanja, ingawa nilikuwa na mke na kibanja changu cha migomba. Watu wetu wakaniita Ta Kiwanja, yaani Mzee Kiwanja, na hilo nililipenda, nikaitika mpaka nikastaafu. Ninyi mkisikia tenisi mnafikiria raketi na kaptula nyeupe. Mimi nafikiria udongo. Unachimba udongo wa kichuguu, unauponda, unauchekecha kama unga wa wageni, unachanganya na mchanga wa ziwani, unamwagia maji, unapitisha rola. Kisha unangoja. Unakanyaga na kisigino: kikiacha shimo, bado; ukucha ukishindwa kuchora, umechelewa. Katikati ya hayo mawili ndipo kilipo kiwanja.

Aliyenifundisha ni Mzee Alimasi, Mmanyema mmoja mfupi, ambaye Kiswahili chake kilitiririka wakati chetu bado kilikuwa kinachechemea kutoka shuleni. Siku zangu za mwanzo nilikandika kiwanja kwa samadi ya ng'ombe, kama mama alivyokandika sakafu ya nyumbani. Kiling'aa, nikajisifu. Jioni bibi mmoja wa kizungu aliudaka mpira, akaunusa, akanitazama, akaunusa tena, akaenda kunawa. Mzee Alimasi hakunigombeza. Alisema tu, "Umewajengea zizi. Sasa waletee na ng'ombe." Tukalikwangua zizi langu kutwa nzima, yeye akiimba.

Mvua ndiyo iliyokuwa mwajiri wetu mkuu. Mvua ya Bukoba hainyeshi, inahamia. Watunzaji wageni walikuwa wakikimbilia kuyafagia maji mara tu jua linapochungulia, nao kumbe wanakifagia kiwanja chenyewe. Acha kinywe. Kikishashiba kitakuambia: rangi inarudi kuanzia pembeni kuelekea katikati. Kujua hilo kulinichukua muda mrefu kuliko kujifunza kuendesha baiskeli.

Na nyuzi! Zamani raketi zilisukwa kwa nyuzi za utumbo wa mnyama. Panya wa Bukoba walizila kama sisi tunavyokula senene, panzi wetu watamu. Jumamosi moja bwana mmoja alifungua kabati akatoa raketi yake, akaona imebaki fremu tupu, kama dirisha. Akanichungulia kupitia humo. Tukaleta paka. Paka akazaa ndani ya wavu uliokunjwa, na wiki nzima watu walicheza kwa kamba ya kuanikia nguo badala ya wavu kwa sababu hakuna aliyetaka kumwondoa. Baadaye zikaja nyuzi za nailoni, panya wakahama, paka akawafuata, na mimi nikamkumbuka.

Lakini mliniuliza juu ya aliye bora. Nafika.

Kwenye klabu ya wazungu sisi tulifagia, hatukucheza. Kwa hiyo walimu na makarani wetu walichimba kiwanja cha kwao Kahororo, kwenye mteremko, sehemu ambayo mtu mwenye akili angepanda migomba. Walikata kilima kwa majembe mpaka wakapata bapa. Nilikitunza kila nilipotoka kazini, na rola tuliipata kuukuu, ya chuma, nzito kama dhambi ya mtu mkubwa. Kuivuta kulihitaji wanaume kadhaa mbele na wengine nyuma wa kuizuia, hasa upande wa bondeni.

Mchezaji wa kwanza aliyekipa kiwanja hicho jina ni Mikaeli, mwalimu kutoka Kamachumu, Mlutheri, mtu mwembamba mwenye maneno machache. Alijifunza kwa mmisionari mmoja, na miaka yake ya nguvu hakuna Mwafrika wala Mhindi wala mzungu wa Bukoba aliyemshinda, hao wazungu wakija kucheza naye kwa siri siri jioni, mbali na klabu yao. Alitumia raketi ya mbao nzito, ya zamani hata kwa wakati ule, na mipira iliyotupwa na klabu, iliyokwisha manyoya, myeupe na laini kama yai. Kisha goti likamsumbua, akarudi Kamachumu kufundisha na kulima. Aliondoka bila kushindwa. Lishikeni hilo.

Miaka ikapita, akaja Deusi. Huyu alikuwa wa Nshamba, Mkatoliki, karani wa mizani ya kahawa, mrefu kama mkaratusi. Alipouanzisha mpira, ulisikia mlio kwanza, kisha ukaona vumbi upande wa pili, na mpira wenyewe hukuuona kabisa. Raketi yake niliisuka mimi kwa nailoni, nikaikaza mpaka inalia kama zeze. Aliwashinda wote. Lakini kila aliposhinda, mzee mmoja pembeni alisema, "Vizuri. Ila angekuwepo Mikaeli."

Hapo ndipo moto ulipowaka. Wazee walisema, "Mikaeli alicheza na gogo na mayai! Mpeni Deusi gogo na mayai tuone." Vijana wakajibu, "Mikaeli alicheza na nani? Mmisionari mwenye kanzu na karani mwenye pumu!" Wa Kamachumu wakakaa upande wao wa kiwanja, wa Nshamba upande wao. Ubishi ukapanda malori ya kahawa ukaenda Muleba, ukarudi umenenepa. Shemeji wawili niliowajua vizuri waliacha kusalimiana. Wakikutana njiani kila mmoja anajifanya anatazama ziwa. Na mimi nikaanza kukosa watu wa kuvuta rola, kwa kuwa wa upande huu hawakutaka kushika kamba moja na wa upande ule.

Jumamosi moja nikawabembeleza wote wakaja. Tukaanza vizuri. Tulipofika ukingo wa bondeni, mwalimu mmoja wa Kamachumu akasema polepole, kama mtu anayesali, "Mikaeli angeurudisha ule mpira wa Deusi akiwa amefumba macho."

Vijana wangu, Mhaya hawezi kubishana akiwa ameshika kitu. Anahitaji mikono yote miwili. Mmoja akaachia kamba ili ajibu. Wa pili akaachia ili amjibu aliyejibu. Nilipopiga kelele "Shikeni!" tayari rola ilikuwa imetupa mgongo, inateremka.

Iliruka mfereji. Ikaingia kwenye kibanja cha Ma Veronika, mjane aliyeishi chini yetu, ikalaza migomba mmoja mmoja kwa utaratibu, na mwisho tukasikia mshindo.  Wote tulifikiria jambo moja: Ma Veronika na chungu chake. Tulikimbia mteremko ule kama maji. Rola ilikuwa imekaa ndani ya jiko, nusu ndani nusu nje, ukuta umeanguka, chungu kimepinduka, ebitoke, zile ndizi za kupika, zimetapakaa majivuni.

"Ma Veronika!" niliita. "Waitu, Ma Veronika!"

Akatokea nyuma ya nyumba, ameshika jani la mgomba alilokwenda kukata ili afunikie chungu. Akatutazama, akaitazama rola, akalitazama jiko. Nikakaa chini hapo hapo kwenye majivu. Nilimshukuru Mungu kwa jani lile kuliko nilivyopata kumshukuru kwa mvua.

"Ni nini hiki?" aliuliza.

"Ni rola, Ma. Ya kiwanja."

"Naona ni chuma. Nauliza kimekuja kufanya nini."

 Yule mwalimu wa Kamachumu akasema, "Tulikuwa tunabishana, Ma. Nani mchezaji bora. Mikaeli au Deusi."

Ma Veronika alilikunja lile jani taratibu. "Jiko langu limevunjwa na watu wawili ambao siwajui?"

"Hawakuwepo, Ma. Mikaeli yuko Kamachumu. Deusi yuko kazini."

"Kwa hiyo hata hawakuwepo!" Hapo ndipo alipokasirika kweli. "Sikilizeni. Ukuta mtaujenga, hilo sisemi. Migomba mtapanda, hilo nalo sisemi. Lakini nawataka hao watu wawili. Waje wacheze nikiwaona. Nataka kujua kilichotaka kuniua kinafananaje."

Ukuta ulijengwa na pande zote mbili, shemeji wale wawili wakikanyaga udongo katika shimo moja bila kutazamana. Kazi ya kumleta Mikaeli nikapewa mimi, kwa sababu wote walisema Ta Kiwanja hana upande.

Nilipanda lori la kahawa mpaka Kamachumu. Nilimkuta katikati ya migomba yake, akikata majani makavu kwa mundu. Nywele zilikuwa zimeanza mvi, na goti lile alilikunja kwa heshima, kama mtu anayemsindikiza mgonjwa. Mkewe, Ma Eunike, akaniletea akamwani, kahawa ya kutafuna, nikatafuna huku nikieleza. Mikaeli alicheka sana niliposimulia rola. Nilipofika kwenye ombi, kicheko kikazimika.

"Hapana, Kiwanja."

"Ni seti moja tu, Mwalimu."

"Hata gemu moja." Alikaa juu ya shina la mgomba uliokatwa. "Sikiliza. Vijana wananishinda kutembea. Wananishinda kula. Kanisani wananishinda kuimba, na zamani mimi ndiye nilikuwa nashika sauti ya tatu. Kuna mahali pamoja tu nilipobaki sijashindwa, nako ni midomoni mwa watu. Unataka nikapapoteze napo, mbele ya kijana wa Nshamba?"

 Alikuwa amesema kweli tupu. Nilimeza akamwani pamoja na maganda.

Ma Eunike alikuwa anamenya ndizi mlangoni. Hakuinua kichwa. "Mikaeli," alisema, "huko midomoni mwa watu wanakupa chakula gani? Mama wa watu amekosewa jiko kwa ajili ya jina lako. Nenda. Ukirudi umeshindwa, utakula hiki hiki ninachomenya."

Mikaeli aliuweka mundu wake chini. Kisha akaniuliza, "Udongo bado ni wa kichuguu?"

Nikajua atakuja.

Deusi naye alinishangaza. Nilidhani atafurahi, lakini alikuja kwenye benchi langu la kusukia raketi akakaa, magoti yake yamefika kifuani. "Ta Kiwanja," alisema, "nikimshinda, watasema nimempiga mzee mwenye goti bovu. Nikishindwa, sina pa kuiweka sura yangu. Unajua ninachotaka? Nataka kucheza naye alipokuwa na umri wangu. Miaka yote hii nashindana na mtu ambaye hayupo kiwanjani. Mtu huyo hachoki, hakosei, wala hapigi mpira nje."

"Basi njoo ucheze na aliyepo," nilimwambia.

Siku moja kabla ya mchezo, wageni wakanijia. Kwanza mzee mmoja na mkungu wa ndizi. "Kiwanja, kesho ukimwagia, zidisha maji kidogo tu." Alijua kuwa udongo ukiwa laini mpira unakwenda taratibu na hauruki juu, na huo ni mchezo wa Mikaeli. Hajatoka vizuri, kijana mmoja wa mizani ya kahawa akaingia: "Ta Kiwanja, kesho usimwagie kabisa." Udongo mkavu, mpira unaruka kama umeungua, huo ni wa Deusi. Ndoo yangu siku ile ilikuwa na nguvu kuliko raketi zao zote mbili. Nami niliwajibu wote kwa maneno aliyoniachia Mzee Alimasi: kiwanja hakina mjomba. Nilimwagia kama ninavyomwagia siku zote. Mkungu wa ndizi sikuurudisha, maana ndizi hazina kosa.

Asubuhi mvua ikanidharau, ikamwagia tena kwa mpango wake. Watu walipotoka ibadani na misani, jua lilikuwa limewaka, upande wa juu umekauka vizuri na upande wa bondeni, penye kivuli cha mikaratusi, bado una unyevu. Basi. Wangebadilishana pande kama sheria inavyotaka, kila mmoja aonje vyote.

Sijapata kuona watu wengi hivyo Kahororo. Ma Veronika aliletewa kigoda, akakaa usawa wa wavu, mikono mapajani, kama bibi harusi. Mikaeli alikuja na suruali ndefu nyeupe iliyopigwa pasi na Ma Eunike mwenyewe. Mkononi alikuwa na raketi mbili: moja nyepesi ya kisasa aliyoazimwa na walimu wenzake, na ile ya zamani, ikiwa bado kwenye kibanio chake cha mbao cha kuizuia isipinde. "Nimeileta itembee," aliniambia.

Deusi alianza. Mlio, vumbi, mlio, vumbi. Mikaeli alikuwa anapiga hewa. Ilipofika gemu tatu kwa bila, kijana mmoja alicheka kwa sauti, na nilimwona Ma Eunike akitazama viatu vyake. Mimi nilijuta safari ya Kamachumu. Nilifikiria yule mtu juu ya shina la mgomba, na mahali pake pamoja palipobaki.

Walipobadilishana pande, Mikaeli akiuacha upande wa bondeni, aliinama, akagusa udongo wake mbichi kwa vidole viwili. Akatabasamu, kidogo tu.

Kuanzia hapo aliacha kushindana na nguvu. Aliukata mpira kwa chini, ukapita juu ya wavu kama mgeni anayeogopa mbwa, ukatua upande wa bondeni kwenye unyevu, ukalala. Deusi akakimbia, akainama urefu wake wote, akaupiga kwenye wavu. Mara nyingine Mikaeli alimwita mbele kwa mpira mfupi, kisha akaupandisha mwingine juu ya kichwa chake, polepole. Deusi aliutazama ukipita kama mtu anayetazama lori lililomwacha. Wazee wakaanza kuguna kwa utamu.

Hapo ikatokea vurugu ndogo. Mwamuzi, karani mmoja wa posta aliyependa Kiingereza chake, kila wachezaji walipolingana alitangaza, "Diusi!" Watu wa Nshamba wakadhani mtu wao ametajwa, wakashangilia. Wa Kamachumu wakasimama: "Huyu mwamuzi amenunuliwa! Kila saa anamwita Deusi, Mikaeli hamtaji hata mara moja!" Mchezo ulisimama mpaka mwamuzi alipoapa kwamba kuanzia sasa atasema "wamelingana," kwa Kiswahili, na hatasema vinginevyo.

Gemu zikawa nne kwa mbili. Deusi akaupiga mpira kwa hasira, nikasikia mlio ninaoujua: uzi wa nailoni umekatika. Raketi ikafunguka kama kikapu kibovu. Na karani wa mizani hakuwa na raketi ya pili.

 Mikaeli alitembea mpaka pembeni, akaitoa ile ya zamani kwenye kibanio, akaja kwenye wavu ameshika zote mbili. "Chagua," alisema. "Mimi nitatumia itakayobaki."

Kila mtu alijua la kufanya: achukue nyepesi. Deusi alizitazama. Kisha akanyoosha mkono akachukua gogo.

"Deusi, acha ujinga!" kijana mmoja wa Nshamba alipiga kelele.

"Niacheni," alisema Deusi. "Miaka yote wazee wanasema nipewe hii waone. Nimeishika."

Mpira wake wa kwanza haukufika hata kwenye wavu. Wa pili ulipotelea mikaratusini. Alikuwa anasukuma kwa mkono uliozoea raketi nyepesi, na gogo lilikuwa linachelewa, linachelewa. Nilimwona akikishika kifundo cha mkono. Gemu zikalingana, nne kwa nne. Wazee walikuwa wanapiga vigelegele ambavyo kwa kawaida ni vya wanawake.

Hapo Mikaeli akasogea wavuni. Sikulitegemea jambo hilo, na hata leo nikilikumbuka nafsi yangu inatulia. Alisema, si kwa sauti kubwa, "Mwanangu, usiilazimishe. Ianzishe mapema, kisha iachie. Uzito wake utafika wenyewe."

"Mwalimu!" wazee walilia. "Unamfundisha?"

"Nimefundisha maisha yangu yote," alijibu. "Niache leo?"

Deusi akajaribu. Wa kwanza ulitoka nje. Wa pili ukatoka vizuri, na sauti yake ilikuwa tofauti kabisa, nzito, kama mlango wa kanisa unapofungwa. Deusi mwenyewe alisimama akaitazama raketi. Tangu hapo wakacheza. Sitawaambia kila mpira. Nitawaambia tu kwamba watu walisahau kushangilia. Wale shemeji wawili waliokuwa wakitazama ziwa walijikuta wameshikana mabega bila kujua.

Ikawa tano kwa nne, mbele Deusi, na mpira mmoja wa kumaliza. Mikaeli akaupandisha juu, mbali, kwenye kona ya nyuma. Deusi akakimbia mgongo ukiwa umeelekea wavuni, akageuka, akaibembeza ile raketi kama mtu anayefyeka nyasi. Mpira ukaruka mrefu, ukashuka karibu na mstari wa Mikaeli, ukagonga, ukaenda zake.

Ndani au nje? Mwamuzi alikuwa na jua machoni. Wa Kamachumu: "Nje!" Wa Nshamba: "Ndani!" Watu wakaanza kusogea, na mikono ikaanza kuinuka ile inavyoinuka. Mwamuzi akanitazama mimi. Nilikuwa upande wa mbali, sikuona.

Aliyekuwa karibu ni mmoja tu. Mikaeli alitembea mpaka kwenye mstari, goti likimvuta. Aliinama akatazama. Alikaa pale muda kidogo, mgongo wake ukiwa kwetu, na mimi nilijua anachokitazama si chokaa peke yake. Kisha akasimama wima.

"Ndani," alisema. "Chokaa ya mstari imehama."

Basi. Akaipoteza nafasi yake midomoni mwa watu kwa mdomo wake mwenyewe.

Deusi hakuruka. Alikuja wavuni, akairudisha raketi kwa mikono miwili, kama unavyompa mkubwa wako kitu. "Mwalimu, hii ndiyo uliyochezea miaka yote ile? Na mipira isiyo na manyoya?"

"Na wakati mwingine na mvua."

Deusi akawageukia wenzake wa Nshamba.  "Nyamazeni," aliwaambia, ingawa hakuna aliyekuwa anasema. "Hamjui mnachobishana."

Mikaeli naye alikuwa anakipapasa kifundo chake cha mkono. "Ule mpira wako wa kuanzisha," alisema, "hata nikiwa na umri wako nisingeuona. Nawaambia wazee wangu wasikie."

Tukamgeukia Ma Veronika. Yeye ndiye aliyeagiza kesi, tukataka hukumu.  "Kijana anaufukuza mpira," alisema. "Mzee anautuma. Mwishoni kijana naye akautuma. Hayo ndiyo niliyoyaona. Nani ana maji ya kunywa?"

Kamba ya rola haikunisumbua tena. Walikuja wote, ingawa niliweka sheria kwamba upande wa bondeni hakuna kusema chochote, hata salamu.

Sasa sikieni jambo la mwisho, kabla hamjaiwasha tena redio yenu. Mikaeli akawa anakuja Jumapili moja kila mwezi, na Deusi akawa anamngoja. Walicheza pamoja dhidi ya wawili wengine, mzee mbele kwenye wavu, kijana nyuma. Kisha, miaka ya mwisho ya Mwingereza, akaja kijana mmoja kutoka shule ya hapo hapo Kahororo, mwepesi kama swala, akamshinda Deusi waziwazi. Wenzake wakambeba mabegani wakiimba kwamba Bukoba haijapata kuzaa mwanamume kama yeye.

Deusi alikuwa amekaa kwenye nyasi, jasho linamtoka, kipara kimeanza. "Umecheza vizuri sana, kijana," alisema. "Hongera. Ila hukumwona Mikaeli."

Yule kijana akawaambia wenzake wamshushe. "Mikaeli ndiye nani?"

"Usimsikilize," alisema Mikaeli, ambaye alikuwa kwenye benchi karibu na Ma Veronika, fimbo kati ya magoti. "Mikaeli ni mimi, na sikuwa kitu. Bora ni huyu huyu uliyemshinda leo. Ungemwona miaka ile, usingeuona mpira."

"Mwalimu, unasema uongo siku ya Bwana," alisema Deusi akiinuka. "Kwa gogo lile?"

"Gogo lilikuwa zuri! Ulilipiga wewe mwenyewe!"

"Nililipiga baada ya kufundishwa na nani?"

Wakasogeleana, mikono juu, kila mmoja akimtetea mwenzake kwa hasira ya kweli. Wazee na vijana wakawazunguka kusikiliza. Yule bingwa mpya alibaki amesimama peke yake katikati ya kiwanja changu, raketi inaning'inia, hakuna anayemtazama. Ulikuwa msimu wa senene. Ma Veronika alikuwa na kikapu kimejaa, wamekaangwa vizuri. Akajisogeza kwenye benchi, akapiga mbao kwa kiganja.

"Njoo ukae, mwana wange, ule," alimwambia. "Hawa hawamalizi leo."

Akaja, akakaa, akala.